Maikrowevu Niliyoipima kwa Kichwa Changu

Kazi yangu ni kutengeneza majiko ya watu. Sisemi majiko ya kuwashia moto, nasema vyumba vyenyewe: makabati, droo, kaunta, mahali pa friji, mahali pa sinki. Nimeifanya kazi hii Johannesburg tangu nilipofika kutoka Korogwe nikiwa kijana asiye na mke. Leo nina mke, nina binti wa miaka kumi, na mvi zinachungulia juu ya masikio.

Tunapanga nyumba Mayfair, mtaa wa pili kutoka msikitini. Ni nyumba ya zamani ya matofali na bati, kuta zake nene, jiko lake dogo. Jiko lenyewe lilikuwa na kaunta moja tu, na nusu ya kaunta hiyo ilikaliwa na maikrowevu tuliyopewa siku ya harusi. Ilikuwa kubwa, nyeupe iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, na waya wake ulipita mbele ya birika kwenda kwenye soketi. Nusu iliyobaki ndiyo ilikuwa ya mke wangu. Hapo akate vitunguu, hapo apange sahani, hapo atue sufuria ikitoka motoni. Chapati alizisukumia juu ya mashine ya kufulia, na mashine ilipoanza kukamua, kibao kilitembea. Kwa hiyo chapati za Jumamosi, siku ya kufua, zilikuwa na maumbo yake.

Mimi kutwa nzima niko kwenye nyumba za watu kaskazini mwa jiji. Kila mteja akiniuliza kama maikrowevu aiweke juu ya kaunta au aijengee ndani ya kabati, nina maneno yangu tayari. Namwambia ijengee. Kaunta inakuwa huru, unapata pa kufanyia kazi. Waya unajificha nyuma, hakuna mtoto wa kuuvuta. Makombo hayaingii chini yake, kwa hiyo mende hawana harusi ya kwenda. Na kubwa zaidi, unachagua mwenyewe urefu unaokufaa, huinami wala huchuchumii kutoa bakuli la moto. Nimeyasema haya mara nyingi mpaka yanatoka yenyewe kama dua ya kula.

Siku moja niliyasema kwenye simu nikiwa nyumbani, nimeegemea mlango wa jiko. Mke wangu alikuwa palepale, unga hadi kwenye viwiko, anasukuma chapati juu ya mashine. Alinisubiri nikate simu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Maneno matamu. Huyo mama wa kwenye simu ana bahati, kapata fundi."

Nilicheka. Yeye hakucheka sana.

Haikupita muda, nikapata kazi kwa mama mmoja mtu mzima anayeishi peke yake, aliyekuwa anabadili jiko lake lote. Alikuwa na maikrowevu ya kujengewa ndani ya kabati, na fremu yake, nzima kabisa. Kosa lake lilikuwa rangi tu: ilikuwa ya fedha, naye sasa alitaka nyeusi. Nilipoing'oa nikamuuliza niiweke wapi.

"Ichukue kwako," alisema. "Ikibaki hapa nitaihurumia, na nikiihurumia nitarudi kwenye jiko la zamani."

Niliifunga kwa blanketi, nikaipakia kwenye pikapu, nikaendesha taratibu kama nimebeba mayai. Kila niliposimama kwenye robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, niligeuka nyuma kuiangalia. Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa mlangoni.

"Umebeba nini hicho? Mtoto?"

Nikafunua blanketi. Akaipapasa ile fremu kwa kidole, pembe hadi pembe.

"Itaingia ndani ya kabati? Kama zile za kwenye picha unazonionesha?"

"Itaingia."

Akapiga kofi moja, kisha akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeogopa majirani watamsikia akifurahi.

Furaha yake ilikuwa na sababu nyingine. Mama yake alikuwa anakuja kutoka Tanga, kwa mara ya kwanza tangu tuoane. "Mama akija nataka tusimame naye jikoni, wawili," aliniambia. "Kwa sasa hatuenei hata mimi na kivuli changu."

Nikaenda kumwomba ruhusa mwenye nyumba, mzee wa Kisomali mwenye duka la vitambaa. Alinisikiliza huku anakunja jora. "Toboa," alisema, "lakini siku ukihama nisione taa ya jirani kupitia ukutani."

Palikuwa na mahali pawili pa kuiweka. Kando ya dirisha, upande wa kushoto wa kaunta, ukuta ulikuwa na shimo la kina kirefu, stoo ya chakula ya watu wa zamani, ambamo tuliweka ndoo za mchele na unga. Lakini humo hamkuwa na soketi. Mahali pa pili ni juu ya friji, ambako soketi ilikuwepo tayari. Shimoni ilikuwa kazi ya siku mbili na fundi umeme. Juu ya friji ilikuwa kazi ya nusu siku, na ningeweza kuifanya peke yangu. Nilichagua ya nusu siku.

Nilisubiri Jumamosi ambayo mke wangu na binti yetu walikwenda harusini, nikaanza walipotoka. Niliiondoa maikrowevu yetu ya zamani kwenye kaunta, nikajenga kabati kwa mabaki ya mbao yaliyobaki kazini, nikaacha nafasi nyuma na juu ili joto lipate pa kutokea, nikaweka pimamaji mara tatu. Ilipokaa sawasawa na fremu ikabana, nilirudi nyuma hatua mbili nikaitazama. Vitufe, kioo, mpini wa mlango, vyote vilikuwa mbele ya macho yangu kabisa. Niseme hapa kwamba mimi ni mtu mrefu. Mke wangu ananifika kifuani.

Waliporudi nilimfunika macho kwa viganja nikamwingiza jikoni. Nikamwachia. Alitazama kaunta kwanza, ikiwa tupu, inang'aa, kutoka ukuta hadi ukuta. Kisha akainua macho, akainua tena.

"Mashallah," alisema. "Ahsante, fundi wangu."

Chai yake ya kwanza niliipasha mimi, nikaitoa mimi, nikampa mkononi. Wiki nzima iliyofuata nilijisikia mtu. Niliita majirani waje kuona. Nilifungua na kufunga ule mlango pasipo sababu. Simulizi nzima ya faida, ile ninayowapa wateja, niliirudia sebuleni kwangu, na mke wangu akawa anaitikia, "Ndiyo, kweli, ndiyo."

Alhamisi nilitafuta ndoo yangu ya rangi, ile tupu ninayoipindua na kukalia nikiwa kazini. Nikaikuta nyuma ya mlango wa jiko. Nikamwita binti yetu. Yeye Kiswahili anakisikia chote, lakini akijibu hukichanganya na lugha ya mtaani.

"Ndoo yangu imefuata nini jikoni?"

Akatazama chini. "Eish, Baba."

"Eish nini?"

"Mama anapandia."

"Anapandia kwenda wapi?"

"Kwa maikrowevu. Lakini alisema nisikuambie."

"Kwa nini?"

"Alisema Baba ana furaha sana, tumwache kwanza."

Nilitoka nje nikazunguka nyumba kama natafuta kifaa, nikasimama karibu na dirisha la jiko. Mke wangu aliingia na bakuli la mchuzi. Akaisogeza ndoo kwa mguu, akapanda, mkono mmoja ameushika mlango wa friji, mkono wa pili umenyanyua bakuli hadi juu ya paji la uso. Akapasha. Maikrowevu ilipolia alipanda tena, na mara hii mchuzi ulikuwa wa moto, mvuke ukimpiga usoni, akishuka anapapasa sakafu kwa kidole cha mguu. Ni kitu kilekile ninachowaonya wateja wangu kila siku, kwa maneno yangu matamu.

Nikaingia, nikampokea bakuli.

"Kwa nini hukuniambia?"

Akajua nimeshajua. Akafuta mikono kwenye kanga, taratibu.

"Ulikuwa unaufungua ule mlango kama mtu aliyenunua gari. Ningeanzia wapi?"

"Ungesema tu iko juu."

"Ningesema, ungeniambia utaishusha wiki ijayo. Na wiki ijayo yako naijua, mume wangu. Ina miaka."

Hapo ilibidi nicheke, ingawa uso ulikuwa unaniwaka. Wateja wote wale nawasimamisha, nawapima, nawauliza. Huyu wangu nilimfunika macho.

"Mama anafika lini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Jumapili."

"Basi itashuka kabla ya Jumapili."

Nikampigia fundi umeme ninayefanya naye kazi, Mkongo wa Lubumbashi, mtu wa utani mwingi. Alifika asubuhi ya Ijumaa na sanduku lake. Akatazama juu ya friji, akanitazama mimi, akamtazama mke wangu, akaanza kutikisa kichwa.

"Ndugu, ulipima na kichwa yako," alisema. "Hapana na mukono ya bibi yako."

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Nadhani alikuwa amekibeba kile kicheko wiki nzima.

Wakati yule ndugu anavuta waya kwenda kwenye shimo la ukutani, mimi nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nilimwomba mke wangu asimame mbele ya lile shimo, bila viatu, kama anavyopika. Nikamwambia akunje mkono, kiwiko kikae ubavuni, kiganja kitazame juu kama amebeba sahani. Nikaweka alama ya penseli ukutani usawa wa kiwiko chake. Nikampa bakuli la maji aingize, atoe, ageuke. Aligeuka kulia, bakuli likatua juu ya kaunta bila yeye kusogeza mguu. Nikaona hapo kwamba hata mlango wa maikrowevu ulikuwa upande wetu, maana unafungukia kushoto na kuiacha kaunta wazi.

"Hakuna aliyewahi kunipima hivi isipokuwa fundi cherehani," alisema.

Binti yetu naye alitaka apimwe. Nikamwekea alama yake chini kidogo, na tarehe.

Jumamosi jioni kazi ilikuwa imekwisha. Ndoo za mchele na unga zilikaa chini ya maikrowevu, kwenye rafu ya kuvuta niliyoitengenezea magurudumu. Fremu ilikaa ndani ya ukuta ule mnene kana kwamba matofali yalijengwa kuisubiri. Juu ya friji niliziba matundu, nikaweka masanduku ya nguo. Mke wangu aliingiza kikombe, akabonyeza, akasubiri, akatoa, macho yake yako kwangu muda wote, hakuhitaji hata kutazama. Safari hii hakusema mashallah. Alisema, "Sawa," na mimi nikaelewa tofauti.

Mama mkwe alifika na baridi ya Julai. Alitoka uwanja wa ndege amevaa sweta mbili na kanga kichwani juu ya mtandio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huku mnaishi au mmehifadhiwa?"

Goti lake la kulia lilikuwa linamsumbua toka Tanga, na baridi ikalikoleza. Jikoni alikagua kila kitu. Alipofika kwenye maikrowevu aliinama akachungulia kioo.

"Moto wake uko wapi?"

"Haina moto, mama," nilimjibu. "Inapasha tu chakula chenyewe."

"Mh!"

Siku mbili hakula kilichotoka humo. Alisubiri vyake vipashwe kwenye sufuria. Alisema chakula kilichopashwa bila moto ni kama salamu iliyopitishwa kwa mtu: imefika, lakini aliyeituma hukumwona. Mke wangu hakubishana naye. Siku ya tatu alichukua kipande cha kanga kuukuu, akashona kifuko, akakijaza mchele mkavu, akafunga mdomo kwa uzi. Akakiweka ndani ya maikrowevu pamoja na kikombe cha maji, dakika moja na nusu, kisha akakitoa na kumfungia mama yake gotini.

Mama mkwe alifumba macho. Tulidhani amelala.

"Kikipoa," alisema bila kufumbua, "kirudishe tena."

Kesho yake asubuhi alimwita binti yetu. "Hebu nioneshe kitufe." Binti akamwonesha, na akamwonesha kwa fahari maana alikuwa mwalimu wa bibi yake kwa mara ya kwanza. Mama mkwe na mke wangu wana kimo kimoja, kwa hiyo kile kiwiko nilichokipima kilikuwa cha wote wawili. Sisi tulipoondoka, mimi kazini, mke wangu kwenye duka la nguo anakofanya kazi, na mtoto shuleni, bibi alibaki anajipashia uji wake, kisha goti, kisha chai, kisha goti. Hakumwita jirani, hakupanda kitu, hakuinama. Siku moja mgao wa umeme ulimkuta katikati ya uji. Tuliporudi alituambia, "Kumbe umeme wa huku na wa Tanga wamezaliwa tumbo moja."

Kitu ninachokikumbuka zaidi ni Jumamosi moja ya mwezi ule. Mashine ya kufulia ilikuwa inatetemeka peke yake pembeni, haina mtu. Niliingia jikoni kutafuta chai nikawakuta wote watatu kwenye kaunta. Mama mkwe anakata madonge, mke wangu anasukuma, binti yetu ameketi mwisho wa kaunta na daftari lake la hesabu, unga umeshafika kwenye kurasa. Walikuwa wanaongea habari za shangazi mmoja wa Tanga aliyekimbia harusi yake mwenyewe, na mama mkwe alikuwa amefika mahali patamu. Nilisimama mlangoni. Hapakuwa na mahali pa kuweka hata mguu.

"Toka, fundi," mke wangu alisema. "Kazi yako imekwisha."

Nikapewa chapati moja ya moto, ya duara kabisa, nikaenda kuilia sebuleni. Niliwasikia wakicheka hadi adhana ya alasiri. Mama mkwe alikuja kwa mwezi mmoja, akakaa mitatu. Alipoondoka alikuwa na kifuko chake cha mchele kwenye mkoba wa mkononi, na kule uwanja wa ndege walimwuliza mara mbili ni nini.

Kazini kwangu kitu kimoja kilibadilika. Wiki chache baada ya hapo nilikwenda kuchukua vipimo kwa familia moja iliyotaka maikrowevu yake ijengewe ndani ya kabati. Mama mwenye nyumba alisimama mwenyewe mbele ya ukuta, mkono ameshaukunja, maana nilikuwa nimemweleza kwenye simu. Penseli ilikuwa mkononi mwangu. Nikasita.

"Samahani, mama. Hapa nani anapasha chakula zaidi?"

Alifikiri. "Kusema kweli, si mimi," akajibu, na akageuka kumtazama mama wa kazi, Mzulu wa makamo, aliyekuwa anaosha vyombo.

"Basi naomba yeye ndiye asimame."

Mama wa kazi alifuta mikono, akaja kwa mashaka, akidhani kuna kosa. Nilimweleza kwa Kizulu changu cha kuungaunga. Akavua viatu, akasimama, akakunja mkono. Alikunja wa kushoto. Nikampa sahani aiingize na kuitoa, na alitumia mkono uleule, akitafuta pa kuitua upande ambao hatukuwa tumepanga kuweka kitu.

"Wewe unatumia mkono wa kushoto?" mwenye nyumba alimwuliza, ameshangaa.

"Toka nizaliwe, mama."

"Miaka yote hii!"

Wakatazamana, wakaanza kucheka, mmoja kwanza na mwenzake baadaye. Nilichora alama yangu, nikaandika daftarini kwamba kaunta ihamie upande wa pili. Nilikuwa naanza kukunja futi yangu wakati mama wa kazi, viatu bado mkononi, aliponyoosha kidole kwenye droo ya vijiko.

"Na hii je?" aliuliza. "Hii nayo inafungukia ubavuni kwangu."

Mwenye nyumba alivuta kiti akakaa kusikiliza. Mimi nikafungua ukurasa mpya.